Kidimbwi Kinachonuka Dawa Si Lazima Kiwe Safi

Shule zinapofungwa, mpenzi msomaji, wazazi wengi wa mijini hujikuta wakiulizana swali moja: watoto hawa watashinda wapi? Hapa Mombasa, ambako joto la saa nane mchana humfanya hata mtu mzima atafute kivuli, jibu la wengi ni kidimbwi cha kuogelea. Kuna vidimbwi vya mahoteli, vya vilabu na vya shule za kibinafsi. Siku hizi hata majumba mapya ya ghorofa, yawe Nyali au kule Kileleshwa jijini Nairobi, hutangazwa kwa picha ya maji ya samawati. Mzazi hulipa kiingilio, au hulipa kodi ya nyumba ambayo kidimbwi ni sehemu yake, kisha huketi pembeni akanywa soda huku watoto wakirukaruka majini.

Mimi sina neno na kuogelea. Ni zoezi zuri kwa moyo, kwa mapafu na kwa viungo. Isitoshe, mtoto anayejua kuogelea ana nafasi bora ya kuokoka siku atakapoteleza majini kuliko asiyejua. Ninachotaka kukuuliza leo ni hiki: je, umewahi kuuliza maji hayo yalipimwa lini, yalipimwa na nani, na yalionyesha nini? Najua wengi mtanijibu kwamba hamjawahi. Nami pia, hadi likizo ya Agosti mwaka jana, nilikuwa miongoni mwenu.

Masikio manne katika juma moja

Katika likizo hiyo nilitibu watoto wanne ndani ya juma moja, wote wakiwa na malalamiko yale yale. Sikio linauma, likiguswa kidogo tu mtoto analia, na tundu lake limevimba na kutoa majimaji. Huu ni uambukizo wa sikio la nje. Mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Pseudomonas, ambaye hustawi katika maji vuguvugu yasiyotiwa dawa ya kutosha. Wawili kati yao walikuwa pia na vipele vyekundu kiunoni na makalioni, pale ambapo vazi la kuogelea hubana ngozi. Bakteria huyo huyo huweza kuleta vipele hivyo.

Nilipouliza watoto walikuwa wakiogelea wapi, akina mama watatu walitaja kidimbwi kimoja, cha jumba fulani la ghorofa. Mtoto wa nne sikuwa na haja ya kumuulizia. Alikuwa binti yangu mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kujifunza kuogelea pale kila Jumamosi kwa muda wa miezi sita.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Kwa miezi sita niliketi ukingoni mwa kidimbwi kile nikisoma gazeti, nikanusa klorini hewani, nikajiambia kwamba hapa dawa ipo. Sikuinuka hata siku moja kwenda kuuliza.

Alhamisi moja jioni nilikwenda kumwona mtunza kidimbwi. Ni mzee mpole ambaye hufagia ua, humwagilia maua na kuangalia lango pia. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya watoto. Hakukasirika. Aliniongoza hadi chumba cha pampu, akanionyesha ndoo ya plastiki iliyobaki unga kidogo chini.

"Daktari, mimi naletewa ndoo moja ya kilo tano," aliniambia. "Naambiwa inifikishe miezi miwili. Nikitia kila siku itakwisha wiki ya tatu, na hapo nitaambiwa naiba dawa. Basi natia Ijumaa jioni, maana Jumamosi ndiyo watu huja wengi."

"Na kupima, mzee wangu?"

"Kwa kifaa gani, daktari?"

Nilikuwa nimekuja na vijiti vya kupimia maji nilivyonunua dukani njiani. Nilichovya kimoja. Sehemu ya klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua viini, haikubadilika rangi hata kidogo. Kipimo cha pH kilikaribia 8.4. Ajabu ni kwamba harufu ya dawa ilikuwa bado inasikika puani. Kisha nikatoa sarafu ya shilingi ishirini mfukoni, nikaiangusha upande wenye kina kirefu. Ilizama, na kabla ya kufika chini nikaipoteza machoni.

Nilisimama pale kwa muda. Sikio hutibiwa kwa matone likapona. Lakini maji yanayoificha sarafu yataificha pia miguu ya mtoto aliyezama, na waogeleaji ishirini wataendelea kucheza juu yake bila habari. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kidimbwi chochote ni kwamba tundu la kutolea maji lililo sakafuni lionekane wazi kutoka ukingoni. Lisipoonekana, watu watolewe majini mara moja, hata kama vipimo vingine vyote ni vizuri.

Harufu ile ni ya nini?

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kidimbwi kinachonuka "dawa" ni kidimbwi kilichotunzwa. Imani hii ni potofu, na ndiyo iliyonidanganya mimi.

Klorini inapotiwa majini huanza kazi ya kuua viini. Lakini pia hukutana na jasho, mkojo, mate na uchafu mwingine wa mwilini. Ikiungana na vitu hivyo hutengeneza kemikali nyingine ziitwazo kloramini. Hizi ndizo zenye ile harufu kali, na ndizo zinazowasha macho yakawa mekundu na kumfanya mwenye pumu akohoe. Nguvu yao ya kuua viini ni hafifu sana ikilinganishwa na ya klorini huru. Maji yenye klorini huru ya kutosha na uchafu mchache hayana harufu kali. Kwa hivyo, harufu ikikupokea langoni, huenda inakuarifu kwamba dawa imekwisha kazi na uchafu umeishinda.

Hali kadhalika, mtoto akitoka majini macho yakiwa mekundu, usikimbilie kusema kwamba dawa ilizidi. Mara nyingi ni mkojo na jasho vilivyozidi. Tiba yake ni kuwafanya watu waoge kabla ya kuingia, kutia klorini kwa kipimo kikubwa usiku wakati hakuna waogeleaji, na kubadilisha sehemu ya maji.

Jua na joto ni maadui wa dawa

Mtu anaweza kusema kwamba vidimbwi viko dunia nzima, mbona daktari anapiga kelele za hapa? Jibu ni kwamba hali yetu ya hewa hairuhusu uvivu. Kanuni ya kutia dawa mara moja kwa juma haiwezi kufaa mahali ambapo jua ni kali karibu mwaka mzima.

Kwanza, jua. Mionzi yake huvunjavunja klorini. Klorini isiyokingwa, ikipigwa na jua kali la mchana, huweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake ndani ya saa mbili. Dawa iliyotiwa asubuhi inaweza kuwa imekwisha kabla ya adhuhuri, na watoto huja alasiri.

Pili, joto. Maji ya kidimbwi cha Pwani hupita nyuzi 28 za sentigredi bila taabu. Katika joto hilo bakteria na mwani huzaana kwa kasi, waogeleaji hutoa jasho jingi majini, na klorini hutumika upesi zaidi.

Tatu, mvua. Masika yanaposhuka, maji ya mvua huyapunguza makali ya dawa na kusomba udongo, majani na kinyesi cha ndege hadi kidimbwini. Ukoga wa kijani unaofanya ngazi ziteleze huweza kutokea kwa siku chache tu.

Nne, kile kipimo cha pH, ambacho huonyesha kama maji yameelekea asidi au alkali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006 kuhusu vidimbwi, linapendekeza kiwe kati ya 7.2 na 7.8 kwa maji yanayotiwa klorini. Kikishuka chini ya hapo, maji huwasha ngozi na kula vyuma vya pampu. Kikipanda, klorini huwa kama askari aliyelala. Kwa pH ya 7.5, karibu nusu ya klorini huru iko katika hali ile kali inayoua viini haraka. Kwa 8 ni karibu robo tu. Kwa 8.5 haifiki hata asilimia 10. Unga na dawa ya maji ambavyo wengi wetu hutumia hupandisha pH. Anayetia klorini kila mara bila kupima wala kurekebisha kwa asidi anaweza kumwaga pesa nyingi majini na bado akabaki na maji yasiyo salama.

Zipo njia za kuikinga klorini dhidi ya jua. Inayotumika zaidi ni asidi ya sayanuriki, ambayo wauzaji huiita stabilaiza. Kwa kiasi kidogo ni msaada mkubwa. Tatizo ni kwamba baadhi ya vidonge vya klorini vina asidi hiyo ndani yake, na kila kidonge kinachoyeyuka huiongeza. Haipotei pamoja na mvuke wala haimalizwi na jua. Ikirundikana huifanya klorini iwe goigoi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 100 kwa lita. Dawa yake ni kumwaga sehemu ya maji na kutia mapya, jambo ambalo wenye vidimbwi katika miji yenye shida ya maji hulikwepa mwaka baada ya mwaka.

Basi maji yawe na klorini kiasi gani? Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kinasema klorini huru isipungue miligramu 1 kwa lita, na isipungue 2 pale stabilaiza inapotumika. Tufanye hesabu ndogo. Kidimbwi cha mita 10 kwa 5, chenye kina cha wastani cha mita moja na nusu, kina lita 75,000 za maji. Kukiongezea miligramu 2 kwa kila lita kunahitaji gramu 150 za klorini tupu, yaani gramu 230 hivi za ule unga wenye nguvu ya asilimia 65. Haifiki robo kilo. Ikiwa jua na watu humaliza kiasi hicho kila siku, kwa mwezi ni kilo saba. Yule mzee alikuwa akipewa mbili na nusu, na kidimbwi chake kilikuwa na ukubwa huo huo. Lawama zingemwangukia yeye, ilhali kosa lilikuwa ofisini, kwenye karatasi ya matumizi.

Si kila kiini hufa haraka

Hata klorini ikiwa sawasawa, viini havilingani kwa ugumu. Katika maji yenye miligramu 1 ya klorini kwa lita, pH ya 7.5 na joto la nyuzi 25, bakteria aina ya E. coli O157 hufa kwa muda usiofika dakika moja. Virusi vya homa ya manjano ya ini aina ya A huhitaji dakika 16 hivi. Kimelea cha Giardia huhitaji kama dakika 45. Lakini kipo kimelea kiitwacho Cryptosporidium ambacho kina gamba gumu, na huweza kuishi katika maji hayo hayo kwa zaidi ya siku 10.

Kimelea hiki hakiko mbali nasi. Utafiti mkubwa kuhusu kuhara kwa watoto, uliofanywa katika nchi saba, Kenya ikiwa mojawapo, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikitaja miongoni mwa visababishi vikuu vya kuhara vibaya kwa watoto wachanga. Mtoto mwenye kuhara akiingia kidimbwini, tone dogo la kinyesi chake linatosha kuwaambukiza wanaomeza maji wakicheza. Nepi maalum za kuogelea haziwezi kuzuia kinyesi cha majimaji.

Hapa, mpenzi msomaji, lawama haiendi kwa mwenye kidimbwi. Inarudi kwetu wazazi. Mtoto anayehara abaki nyumbani hata kama siku ya kuzaliwa ya rafikiye ni moja tu kwa mwaka. Ikiwa daktari amethibitisha Cryptosporidium, asirudi majini hadi majuma mawili yapite tangu kuhara kukome. Na mtoto akijisaidia majini, usione haya ukanyamaza. Mwite mtunza kidimbwi. Watu wote watoke. Kinyesi kigumu huondolewa, kisha klorini hupandishwa hadi miligramu 2 na watu hukaa nje kwa nusu saa. Kinyesi cha kuhara ni jambo jingine. Huhitaji klorini ya miligramu 20 kwa lita kwa muda wa karibu saa 13, katika maji yasiyo na stabilaiza, na kidimbwi kifungwe muda wote huo. Mwenye kidimbwi asiyekuwa tayari kufunga hafai kufungulia watoto.

Sitaki kumtisha mtu, lakini ipo hadithi ya kweli ambayo wenye vidimbwi wanapaswa kuijua. Kati ya 1962 na 1965, katika mji wa Ústí nad Labem, nchi iliyokuwa Chekoslovakia, vijana 16 walikufa kwa ugonjwa wa ubongo unaoletwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri. Amiba huyo hupenda maji yenye joto, na huingia mwilini kupitia puani. Uchunguzi uliwarudisha wataalamu kwenye kidimbwi kimoja cha ndani ambacho vijana hao walikuwa wakiogelea. Ugonjwa huu ni nadra sana, na klorini inayodumishwa katika kiwango chake humzuia amiba huyo. Hata hivyo, ikiwa uzembe wa dawa uliweza kuleta msiba kama huo katika nchi ya baridi, sisi wa nchi ya joto hatuna sababu ya kujiaminisha.

Wako wenye vidimbwi ambao, gharama zikiwashinda, huzima pampu na kuacha maji yasimame. Hilo nalo si jawabu. Mbu huhitaji kama juma moja au mawili tu kutoka yai hadi kuruka. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu vidimbwi visivyotumika mjini Malindi, wakaonyesha kwamba hugeuka makazi ya viluwiluwi vya Anofelesi, mbu aenezaye malaria. Kidimbwi kisichotumika ama kitunzwe kama kinachotumika, ama kikaushwe kabisa. Aliyekijenga ndiye anayelala ndani ya neti; jirani wa nyumba ya mabati huenda hana.

Tunataka ubao langoni

Sasa niseme maoni yangu waziwazi. Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya zimekuwa mikononi mwa serikali za kaunti, na maafisa wa afya ya umma wako chini yao. Ninaomba kila kaunti iweke sharti moja jepesi kwa kila kidimbwi kinachotumiwa na umma, au na wapangaji zaidi ya nyumba moja. Langoni pawe na ubao. Ubao huo uonyeshe tarehe, saa, klorini huru, pH, na jina la aliyepima. Maji yapimwe kabla ya kufungua na tena mchana kila baada ya saa chache, hasa siku za jua kali na watu wengi. Afisa akipita, abebe kifaa chake cha kupimia, alinganishe.

Hakuna jambo geni hapa. Matatu huandikwa ubavuni idadi ya abiria inaoruhusiwa kubeba. Nyama ya bucha hupigwa muhuri wa mkaguzi. Hakuna mama anayekubali kununua nyama isiyo na muhuri kwa kuambiwa tu kwamba inanukia vizuri. Mbona basi tunakubali kuwatumbukiza watoto wetu katika maji kwa sababu hiyo hiyo?

Nimesikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni gharama. Nimekwisha kukufanyia hesabu ya dawa. Kifaa cha kupimia cha matone na rangi nacho ni kitu kidogo ukilinganisha na pampu, vigae na taa za mapambo. Aliyeweza kujenga kidimbwi hawezi kudai kwamba kukipima ndiko kutakakomfilisi. Na ikiwa kweli hawezi, basi asikifungue.

Pingamizi ya pili ina uzito zaidi. Wanasema ubao utaandikwa uongo. Mtu atachora 2 na 7.4 kila asubuhi bila hata kuingiza mkono majini. Huenda. Lakini uongo ulioandikwa na kutiwa jina ni rahisi kuukamata kuliko ukimya. Mzazi yeyote mwenye kijiti cha kupimia ataujua kwa dakika moja. Na mtunza kidimbwi aliyepewa kifaa na ruhusa ya kufunga lango hana sababu ya kudanganya. Anayedanganya ni yule anayeogopa kufukuzwa kazi akisema dawa imekwisha.

Kabla hujalipa

Wakati tunaingojea kaunti, yapo mambo ambayo wewe msomaji unaweza kuyafanya Jumamosi hii hii. Simama ukingoni upande wa kina kirefu. Ukishindwa kuona sakafu na tundu la kutolea maji, rudi nyumbani. Pitisha mkono ukutani chini ya maji. Ukikuta utelezi, mwani umeanza. Sikiliza kama pampu inafanya kazi. Kisha uliza kwa upole: maji yalipimwa saa ngapi leo, na tunaweza kuona kitabu? Usimwulize mtunza kidimbwi kwa ukali, kwani mara nyingi yeye ndiye mnyonge wa wote. Nenda umwulize meneja. Au nunua vijiti vyako mwenyewe, uvichovye mbele ya macho ya watu.

Wewe nawe timiza wajibu wako. Oga kabla ya kuingia; hata dakika moja chini ya bomba huondoa sehemu kubwa ya uchafu. Watoe watoto majini kila saa wakaende msalani. Wafundishe wasimeze maji. Wakitoka, inamisha kichwa upande huu na ule masikio yatoke maji, uyakaushe kwa taulo, wala usiingize vijiti vya pamba ndani. Mwenye kidonda kibichi angoje kipone.

Kwa wale wenye vidimbwi majumbani, neno moja la tahadhari kuhusu dawa zenyewe. Usichanganye klorini na asidi hata siku moja, kwani hutoa gesi inayoweza kuua. Usichanganye aina mbili za klorini katika ndoo moja. Zinaweza kushika moto au kulipuka. Tia unga kwenye maji, usimwage maji juu ya unga. Hifadhi dawa mahali pakavu, penye hewa na pasipofikiwa na watoto. Ikimrukia mtu machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15, kisha umpeleke hospitali.

Binti yangu alipona baada ya siku saba za matone. Mimi na wazazi wenzangu tuliomba mkutano na wenye jumba lile. Haukuwa mkutano wa raha. Mmoja alisema madaktari hutafuta wagonjwa kwa kutisha watu. Mwingine alitaka mzee afukuzwe, nasi tukakataa kata kata. Mwishowe walikubali kununua kilo saba kwa mwezi, kifaa cha kupimia na ubao wa chaki. Mzee alifundishwa kupima kwa nusu saa tu, akaelewa kuliko wengi wetu.

Jumamosi iliyopita tulipofika, ubao ulikuwa umeandikwa klorini 0.5. Mzee alikuwa ameketi mbele ya lango lililofungwa kwa kufuli, akingoja dawa aliyotia ifanye kazi ili apime tena. Watoto walinung'unika, binti yangu akiwa wa kwanza. Mimi nilimpa mzee mkono, nikamshukuru, nikaketi naye kivulini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kidimbwi kile kuniambia ukweli.